Bwana Afya na Vijana wa Chemchemi

Akifika kwenye boma la mtu, hakusalimia kwanza. Aliegemeza baiskeli kwenye ua, akampita mwenye nyumba aliyekwisha kunyoosha mkono, akaenda moja kwa moja nyuma kutafuta choo. Akikikuta, aliinua kifuniko, akachungulia, akatumbukiza fimbo yake yenye alama za futi kupima kina. Ndipo aliporudi mbele, akanawa, akatoa mkono na kuuliza habari za watoto. Pasipokuwa na choo, hakuna aliyepata salamu. Alisimama katikati ya uwanja, akauliza kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde, "Nyinyi mnaendea haja wapi?"

Tulimwita Bwana Afya, kama walivyoitwa maafisa wote wa afya waliozunguka vijijini kwetu na nguo zao za kaki. Wengine walifika Nunguni wakaondoka, na hakuna anayewakumbuka. Huyu alikaa miaka minane. Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hayo ndiyo wazee huuliza wakitaka kuamua kama watamkubali mtu au watamkataa, na yeye walimkataa bila hata kujisumbua kuuliza. Nitasema niliyoyaona. Mengi bado yananikasirisha, mengine yananikasirisha juu yake yeye mwenyewe, na sitajifanya kwamba umri umenituliza.

Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene na sauti ya kukwaruza. Kwa milima yetu ile, baiskeli yake aliisukuma zaidi ya alivyoipanda, na alifika kila mahali akiwa anahema na tayari ameudhika. Watu walisema ana hasira za bure. Mimi niliyefuatana naye sikuona hasira ya bure hata moja. Mtu akimwambia kwamba mtoto wake amekufa kwa kuhara kwa sababu Mungu amependa hivyo, alitazama jiko, akatazama mtungi wa maji, akatazama mikono ya mama, halafu akasema polepole, "Usiniletee Mungu kwa kazi ya sabuni." Wetu ni watu wa kanisa. Kwa maneno hayo alishtakiwa kwa mchungaji mara kadhaa, na kila aliposhtakiwa alikwenda, akasikiliza, akauliza kama anaweza kukagua choo cha kanisa.

Wakati huo tulikuwa bado chini ya Machakos, jina la Makueni likitajwa kama mahali tu, si wilaya. Mimi nilikuwa nimemaliza fomu foo na nakaa nyumbani. Tulikuwa wengi namna hiyo: vijana waliosoma, vyeti vimefungwa kwenye karatasi za plastiki chini ya godoro, na wajomba wakitukumbusha kila asubuhi kwamba tulisoma bure. Siku moja kwenye baraza la chifu Bwana Afya alipewa nafasi ya kuongea mwishoni, watu wakiwa wamekwisha kuinuka kukung'uta nguo.

"Nimeongea na wazee miaka mingi," alisema. "Mzee ananisikiza vizuri. Anatikisa kichwa, ananipa uji nikunywe. Nikigeuka niende, anaingia kwa kahawa kujisaidia. Sasa sitaki wazee tena. Nipeeni wale vijana mnasema wamekaa bure."

Wazee waliguna. Sisi tulicheka, halafu kicheko kikakatika, kwa sababu alikuwa anatutazama.

Tulianza tukiwa kumi na wawili. Mwenyekiti wetu alikuwa Kioko, kijana mrefu, mpole, aliyekuwa akisubiri kuitwa chuo cha ualimu. Mimi nilikuwa mwandishi. Bwana Afya alitufunza wiki sita, kwenye baraza ya duka lililofungwa. Hakutufunza kwa maneno. Siku ya kwanza alitupa sururu na koleo, akatuonyesha mahali, akatuambia tuchimbe futi kumi na mbili. Milima ya kwetu ni mawe. Wasichana tulichimba sawa na wavulana, viganja vikatoka malengelenge, na jioni ya siku ya nne alikuja na fimbo yake, akashuka shimoni, akapima, akasema, "Kumi na moja na nusu," akaenda zake.

Kazi ngumu haikuwa mawe, ilikuwa watu. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawatumii choo kimoja. Ni aibu isiyosemeka. Kwa hiyo mzee mwenye wana watatu waliooa aliona afadhali asiwe na choo kabisa. Namkumbuka mmoja aliyetufukuza mimi na Kioko kwa fimbo, kwamba msichana mdogo amekuja kumtajia mambo ya choo mbele ya wakaza wanawe. Tulirudi na Bwana Afya.

"Mimi siwezi kuingia mahali mke wa kijana yangu ameingia," yule mzee alisema.

"Sawa. Na nzi je?" Bwana Afya akamwuliza. "Nzi akitoka kwa kinyesi cha mke wa kijana yako akae kwa sahani yako ya muthokoi, huwa unamwuliza ni wa nani?"

Mke wa mzee, aliyekuwa akipepeta mbaazi mlangoni, alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Tulimchimbia mzee vyoo viwili, kimoja kila upande wa boma, na Bwana Afya hakulalamika kwamba ni kazi mara mbili. Alisema kama ingebidi vitatu angechimba vitatu. Hilo ndilo watu hawakulijua juu yake. Desturi za watu hakuzidharau. Alichodharau ni uvivu uliojificha nyuma ya desturi.

Kulikuwa na bibi kizee mmoja, tulimwita Susu kama tunavyowaita nyanya zetu, ambaye funza walikuwa wamemla miguu hata akawa anatambaa kwa magoti. Alikaa peke yake kwenye jiko lenye vumbi, huku nyumba ya mwanawe ya mabati ikiwa hatua thelathini kutoka hapo. Mwana huyo alikuwa mwalimu wa watoto kanisani Jumapili. Tulipompelekea Bwana Afya habari, alikuja siku hiyo hiyo. Alichemsha maji, akatia dawa, akapiga magoti chini mbele ya yule bibi, akaiweka miguu ile kwenye karai. Sisi wasichana tulishika pini. Mwana akatokea, amevaa viatu, akasimama kwa mbali.

"Kuja," Bwana Afya akamwambia.

"Mimi nilikuwa nataka kumpeleka zahanati wiki ijayo."

"Kuja ushike karai."

Alishika karai. Alilishika mpaka saa tisa alasiri, amechuchumaa, tai ikichovyeka majini, na kila alipotaka kuinuka Bwana Afya alisema, "Bado." Susu alikuwa akimwangalia mwanawe, na sikujua kama alikuwa anamwonea huruma au anafurahi. Baada ya miezi miwili alitembea. Yule mwana hakutusamehe kamwe, na alikuwa na rafiki wengi kuliko sisi.

Sasa mtu asidhani namchora malaika. Alinusa tumbaku siku nzima, akapenga kwenye leso, na kwa mkono huo huo akatuonyesha namna ya kunawa. Sindano aliiogopa kama mtoto. Wauguzi walipokuja na chanjo, alipanga watu mistari, akawakemea akina mama waliosukumana, na zamu yake ilipokaribia hakuonekana tena. Muuguzi mmoja alimpata nyuma ya stoo akijifanya kuhesabu majembe. Alichanjwa akiwa amefumba macho, amenishika mimi bega, na kwa wiki nzima hakutaka kuniangalia usoni.

Jambo la binti yake halichekeshi. Alikuwa rika langu, alikuwa amemaliza shule kama mimi, na baba yake hakumruhusu kujiunga nasi hata siku moja. Tulimwona akianika nguo tulipopita na sururu mabegani, naye akituangalia. Nilimwuliza Bwana Afya kwa nini.

"Yeye atasoma," alisema.

"Na sisi?"

"Nyinyi mko na kazi."

Nadhani hakusikia alichokisema. Alituamini kwa mashimo, kwa funza, kwa kubishana na wazee, lakini mtoto wake alimwekea kitu kingine, kisafi zaidi. Nililia siku hiyo njiani, nikaacha kwenda siku mbili, kisha nikarudi, kwa sababu kazi yenyewe nilikuwa nimekwisha kuipenda.

Karibu wote wa soko la chini walichota maji kwenye chemchemi moja iliyotoka kwenye mwamba, chini ya mikaratusi. Mwaka wa tano wa Bwana Afya kwetu, tuliijengea ukuta wa mawe na kuwekea bomba, ili watu wasitumbukize vyombo. Miaka mitatu baadaye diwani wetu aliamua kujenga hoteli ya chai na nyama juu ya chemchemi ile, na choo cha wateja akakichimba mteremkoni, hatua chache juu ya mwamba. Bwana Afya alikwenda, akapima kwa hatua, akamwambia shimo lile litaingia majini mvua ikinyesha. Diwani akamwambia mvua ni ya Mungu. Mnajua Bwana Afya alivyojibu. Watu waliokuwa hapo walisema alijibu vibaya. Nasema alijibu sawa.

Choo kilijengwa. Mvua za Novemba zikaja, na watoto wakaanza kuhara.

Dada yangu Ndunge alikuwa na binti, Mwende, hajafikisha miaka miwili. Mimi nilikuwa nimefunza nyumba zaidi ya hamsini namna ya kuchanganya maji yaliyochemshwa, sukari na chumvi. Nilichanganya mwenyewe. Nilimnywesha kijiko kwa kijiko toka alfajiri hadi saa nane mchana, akitapika, nikianza tena. Macho yalikuwa yamezama. Tulishika njia ya zahanati, dada yangu akiwa amembeba mgongoni, mimi nyuma yao na kikombe, na karibu na mti wa mwisho kabla ya barabara kubwa nikaona mkono wa mtoto unaning'inia. Sikumwambia Ndunge. Nilimwacha atembee na mtoto wake hatua nyingine kama mia mbili.

Hakuwa peke yake. Wiki ile tulizika watoto, na kwenye kila mazishi diwani alitoa hotuba.

Bwana Afya aliifunga hoteli. Alipigilia ubao mlangoni akaandika kwa chaki kwamba imefungwa kwa amri ya afya. Kesho yake ilifunguliwa, na ubao ulitumika kuchemshia chai. Akaifunga tena. Kabla ya mwezi kwisha akapata barua ya uhamisho: Kanyangi, upande wa Kitui, mara moja. Tulikwenda kumsaidia kupakia vitu kwenye lori. Binti yake alikuwa amekaa mbele tayari, amekumbatia saa ya ukutani.

Kioko alimwuliza, "Sisi sasa tufanye nini?"

Bwana Afya alikuwa akifunga kamba ya baiskeli. "Mnajua maji yanatoka wapi na yanapitia wapi," alisema. "Msiache watu wayanywe."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu. Wote kumi na wawili tuliyasikia.

Basi tulisimama chemchemini. Kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama, kwa zamu, tukimweleza kila aliyekuja na mtungi kwamba maji haya yameua watoto. Hatukumpiga mtu wala kumsukuma mtu. Tulijua hatuwezi kumnyima mama maji halafu tumwache hivyo, kwa hiyo nusu yetu tulichota kwenye kijito cha mbali, ng'ambo ya mlima, tukawaletea wazee na wenye watoto wachanga. Wavulana walibeba mitungi mgongoni kwa ukanda wa kichwani, kama wanawake wanavyobeba. Kwetu hakuna mwanamume anayeonekana hivyo. Walichekwa sokoni, wakaitwa majina. Kioko alipita katikati ya soko na mtungi wake, shingo imekaza, akiitikia salamu kama kawaida. Siku ya nne wanawake waliacha kucheka, wakaanza kusimama nasi. Wiki ya tatu hoteli haikuwa na mpishi wala mchotaji aliyekubali kwenda chemchemini, na diwani akalifukia lile shimo, akachimba jingine chini ya barabara.

Tulishinda. Tulikaa na ushindi huo siku mbili.

Siku ya tatu askari wa utawala walikuja. Tulikuwa tumefanya mkutano bila kibali, wakasema. Tulikuwa kikundi kisichoandikishwa. Kulikuwa na mtu aliyekuwa akituchochea. Miaka ile neno "kuchochea" lilitosha kumaliza mtu. Tulifungiwa kwenye kambi ya chifu, kisha tukaletwa kwenye baraza, tukasimamishwa mbele ya wazazi wetu. Hatukuwa na hofu sana. Tulikuwa tumemwandikia Bwana Afya Kanyangi, na barua tulimpa dereva tuliyemwamini. Kioko alisema, "Akifika atawaeleza."

Hakufika. Iliyofika ni barua yake. Wakubwa wake walikuwa wamemtaka aeleze, naye alikuwa ameeleza. Chifu aliisoma yote, polepole, akiifurahia. Kwamba yeye hakuunda kikundi chochote Nunguni. Kwamba vijana hao hakuwaagiza, na wengi wao hawajui. Mwandiko ulikuwa wake. Chifu alitupitishia karatasi tuuone. Mwandiko ule ule uliokuwa kwenye daftari zetu.

Hakuna aliyelia. Mama yangu ndiye alinishika mkono akanitoa pale, na hakuna aliyemzuia.

Mimi nilipona, kwa sababu nilikwisha kuomba nafasi ya uuguzi mbali na kwetu. Kioko hakupona. Barua ya chuo cha ualimu ilikuja Januari, na ilitaka barua ya tabia njema kutoka kwa chifu. Chifu alimwambia arudi kesho. Alirudi kesho kwa miezi mitatu, mpaka nafasi ikapewa mwingine. Kioko hakuwa mhalifu. Alikuwa kijana aliyewabebea wazee maji. Na leo ukienda chemchemini utaona kibao cha saruji, kinamshukuru diwani kwa kuwaletea wananchi maji safi. Watoto wa shule wanapelekwa kukisoma.

Niliajiriwa Kitui, nikakaa huko miaka minne bila kukanyaga Kanyangi. Wagonjwa wa kutoka huko walikuwa na tabia zilizonishtua. Mama mmoja alinieleza bila kuulizwa kiasi cha sukari na chumvi. Mwingine alisema visima vyao vya mchangani, vile vinavyochimbwa mtoni wakati wa kiangazi, vimezungushiwa miiba na vijana ili mbuzi wasiingie. "Kuna mzee mkali hapo kwetu," alisema. "Hakusalimii kama huna choo." Niliendelea kumfunga bandeji. Sikuuliza zaidi. Nilifikiri: amepata wengine, na hao nao siku moja hatawajua.

Nilimwona tena kwenye mji mdogo wa Salama, pale njia ya Nunguni inapokutana na barabara ya Mombasa. Ilikuwa Jumapili, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa narudi nyumbani, na nikasikia Kioko ana kibanda cha kuziba pancha karibu na mahali malori yanapolala. Nilimpata ameinama juu ya tairi, nywele zimeanza kuingia mvi kabla ya wakati wake. Tulishikana mikono muda mrefu. Ndipo nilipoona, kwenye kigoda kando ya pampu, mzee mwenye shingo nene akinusa tumbaku.

"Mumbua," aliniita.

Nilimgeukia Kioko. "Huyu anafanya nini kwako?"

"Amekuja mwaka jana, baada ya kustaafu," Kioko akasema. "Alinitafuta kutoka Nunguni mpaka hapa. Nilimfukuza. Akakuja tena. Nilimfukuza kama mwezi mzima, Mumbua, si mchezo. Siku moja nikachoka, nikampa kigoda."

"Na wewe umesahau?"

"Nani amesema nimesahau?" Kioko alisema bila kuinua sauti. "Nimempa kigoda."

Nilimwendea yule mzee. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo miaka kumi, na yalipotoka yalikuwa mawili tu. "Kwa nini?"

"Niliogopa," alisema. "Waliniambia nitafutwa kazi, na binti alikuwa ameingia chuo. Niliandika asubuhi. Mchana nilitaka kuirudisha, ikawa imeenda."

"Sisi tulikuwa na wazazi pia. Kioko alikuwa na chuo."

"Najua."

"Hujui."

"Sawa," alisema. "Sijui." Hakuomba msamaha, na nikaona afadhali, kwa sababu singempa.

Wakati huo wasichana wawili walikuja mbio kutoka nyuma ya vilabu. Walikuwa wa kikundi chake kipya. Kioko aliniambia baadaye: vijana wa hapo stendi, wahudumu wa baa, wachuuzi wa mahindi, mafundi, ambao mzee aliwafunza kuwaosha na kuwalisha wagonjwa wa ule ugonjwa ambao watu waliuita wa barabarani, ukimwi, ambao kanisani haukutajwa na hospitalini wagonjwa wake walirudishwa nyumbani wakafie huko. Waliosha kwa sabuni ya kipande, na mikononi walifunga mifuko ya plastiki. Walizungumza na madereva pia, waziwazi, mambo ambayo sisi tungezimia kuyasema. Kwa hilo wazee wa kanisa walikuwa wamepeleka malalamiko kwa utawala.

"Bwana Afya, wamemtoa Mueni nje," msichana mmoja alisema.

Tulikwenda sote. Nyuma ya vyumba vya kupanga, kwenye ua wa changarawe, kulikuwa na godoro, na juu yake msichana wa miaka ishirini hivi, amekonda mpaka meno yalionekana makubwa. Jua lilikuwa limemfikia. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na suti yake ya Jumapili, Biblia kwapani, na watu waliotoka ibadani walipita njiani wakiangalia pembeni. Niliwaangalia mmoja mmoja. Nimehudumia wagonjwa maisha yangu yote, na sijapata kuona ugonjwa unaochukiza kama nyuso zile.

"Mzee, huyu anafukuza wapangaji wangu," mwenye nyumba alisema. "Na hawa vijana wako nimekwisha kuwaripoti. Wanaingia kwa ploti ya mtu bila ruhusa. Wanafundisha watu uasherati. Afisa ameniambia nimpelekee majina, awajue ni akina nani na ni nani yuko nyuma yao." Akatoa kalamu mfukoni, na bahasha ya sadaka.

Vijana walirudi nyuma hatua moja. Niliwaelewa. Nilijua hatua ile ilivyo.

Bwana Afya alisonga mbele. Magoti yalikuwa yanamsumbua, alitembea kama mtu anayepanda mlima. "Andika," alisema, na akataja majina yake, yote matatu, pamoja na namba ya kitambulisho, polepole, kama mtu anayemsomea mtoto wa shule imla. Miaka yote ile sikuwahi kuyasikia majina hayo. Sitayaandika hapa, aliyataja kwa ajili ya Mueni na vijana wale. "Andika nilifanya kazi ya serikali Nunguni, halafu Kanyangi. Andika hawa wote nawajua. Nilianza nao mimi. Huyu anaziba pancha namjua na wazazi wake. Huyu ni muuguzi wa Kitui, nilimfunza kuchimba shimo. Umefika wapi?"

Mwenye nyumba hakuwa ameandika kitu. Kalamu ilikuwa hewani.

"Jina la tatu ni gumu kidogo," Bwana Afya alisema. "Nirudie?"

Msichana mmoja alitoka kwenye kundi, akasimama kando ya mzee, akataja jina lake pia. Kisha mwingine. Kioko akataja lake, akainama, akashika godoro upande wa kichwa. Mimi nikashika upande wa miguu. Nilikuwa bado nimemkasirikia yule mzee, na ningali, lakini godoro lilikuwa zito na lilihitaji watu.

Mueni alifumbua macho, akalalamika kwamba tunamtikisa.

"Vumilia kidogo," nikamwambia. "Mlango ni huu hapa." Na mwenye nyumba, kwa kuwa tulikuwa tumemfikia na hakuwa na pa kusimama, akasogea.